Jinsi ya kutengeneza mchezo wako wa karata wa watu wawili, kwa karata 18 tu

Wazo la mchezo wangu nililipata soko la Mbuyuni hapa Moshi, na wala sikwenda kutafuta wazo, nilitumwa nyanya. Mama mmoja kapanga mafungu yake ya buku buku, juu kaweka zile nyekundu zinang'aa, chini huoni kitu. Nimesimama pale nachagua, nainama, nageuza shingo, na yeye ananiangalia usoni kimya kabisa, anajua ninachokiogopa. Nikabeba fungu dogo. Kufika nyumbani nakuta nyanya zote nzima, na bado roho inaniuma, najiuliza lile kubwa lilikuwaje. Nikasema aisee, huu ni mchezo wa karata tayari, watu wawili, mmoja anapanga mwingine anachagua, kazi iliyobaki ni kuuhamishia kwenye karata.

Ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, kwaiyo naandika yote hapa, hatua kwa hatua, na mchezo wenyewe nakupa mzima uucheze leo leo, alafu utengeneze wa kwako.

Hatua ya 1: anza na mahali, karata baadaye

Jiulize huu mchezo utachezewa wapi. Mi jibu langu lilikuwa ndani ya Coaster ya kwenda Arusha ikisubiri kujaa pale stendi, na nyumbani umeme ukikatika. Hayo majibu mawili yakanipangia karibu kila kitu: hamna meza, kuna begi juu ya mapaja, kwaiyo hamna ubao wala vitu vidogo vidogo vya kudondoka, hamna karatasi ya kuandika pointi, na mchezo uishe ndani ya dakika kumi maana konda akishasema "tunaondoka" basi. Wa kwako labda ni wa kijiweni kwenye kahawa, huko meza ipo ila upepo upo pia, na karata ya karatasi nyepesi inapaa. We andika sentensi moja tu: nani na nani, wapi, kwa muda gani.

Idadi nakushauri usizidi karata 18. Sababu ni ya kijinga kidogo lakini inasaidia: karata ya kawaida ina milimita 63 kwa 88, na kwenye A4 moja zinaenea tisa, tatu kwa tatu, kwaiyo 18 ni kurasa mbili basi. Usiogope kwamba ni chache. Kuna mchezo wa Kijapani unaitwa Love Letter, ulitoka 2012 na karata 16 tu, na ukasambaa dunia nzima. Lost Cities wa mtunzi wa michezo Reiner Knizia, mchezo wa watu wawili wa mwaka 1999, ulitoka na 60, na nyingi ni namba na rangi tu, hamna maandishi marefu. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa na karata 40, kila moja na maelezo yake, na mdogo wangu alikuwa anasoma karata kama anasoma mkataba wa nyumba.

Hatua ya 2: tafuta chaguo moja linalouma

Hapa ndo roho ya kazi yote, kaa hapa hata wiki.

Angalia bao kwanza. Mashimo 32, kete 64, na karibu kila kitu kipo wazi, ndo maana mzee aliyecheza miaka thelathini atakufunga tu, hata uombe dua. Drafti ya vizibo vya soda hivo hivo. Karata zina kitu kingine: kuna ninachokijua mi ambacho we hukijui. Sasa kwenye michezo ya watu wanne kama arbastini unaweza kujificha nyuma ya mwenzako, na kwenye lasti kadi ya watu watano unaweza kushinda kwa sababu wale wengine wanabanana wao kwa wao. Mkiwa wawili hamna pa kujificha. Chochote unachopata wewe kimetoka kwake. Kwaiyo huhitaji kabisa karata za kuadhibu, za kuiba, za kumrukisha mtu zamu, hizo ni za kwenye kundi, mkiwa wawili zinaleta kununiana tu. Unachohitaji ni sehemu moja ambayo lazima nikusome usoni ndo niamue.

Kwa hiyo usianze kuuliza "mchezo wangu unahusu nini", uliza "kila zamu mchezaji anaumia na nini". Kuchukua sasa au kusubiri. Kuonyesha au kuficha. Kubeba kikubwa chenye hatari au kidogo cha uhakika. Wangu ulikuwa huo wa nyanya: mmoja anagawa mafungu mawili, mwingine anachagua. Wala sio uvumbuzi, kila mtoto aliyewahi kugawana andazi na ndugu yake anajua, mmoja akate mwingine achague. Nilichoongeza ni ile nyanya ya chini isiyoonekana.

Chagua moja. Ukiwa na mawili yanayouma, hifadhi la pili kwa mchezo mwingine.

Hatua ya 3: cheza leo kwa karata za dukani

Usiprinti kitu. Nenda kwa mangi, nunua pakiti ya karata, toa kopa, uru na shupaza. Kwenye kila moja chukua ree (hiyo ni moja), mbili, tatu, nne, tano, na jeki ambaye atakuwa sifuri. Tayari una karata 18, namba 0 mpaka 5, kila namba mara tatu. Ukijumlisha zote unapata 45, shika hiyo namba, tutairudia.

Mchezo naita Fungu, na mwishoni kabisa ulitulia hivi:

Changanya. Kila mtu apewe karata moja ya siri, aiangalie peke yake, ailaze kifudifudi mbele yake. Zimebaki 16. Mgawaji analamba (anachukua) nne, anaziangalia peke yake, anazipanga mafungu mawili anavyotaka, mbili kwa mbili au moja kwa tatu, na kati ya hizo nne karata moja tu inalala kifudifudi, zingine tatu zinaonekana. Mwenzake anachagua fungu, linalobaki ni la mgawaji. Mnabadilishana, mchaguzi anakuwa mgawaji. Raundi ni nne, kila mtu anagawa mara mbili. Karata iliyofunikwa ikija upande wako unaruhusiwa kuichungulia muda wowote. Mwisho mnafunua zote mnajumlisha. Mwenye nyingi anashinda, ila ukizidi 25 umekamatwa mzani, umeshindwa.

Mzani ni ule wa malori. Nilijiambia sisi ni wafanyabiashara wa ndizi, kila mmoja ana Fuso yake inaenda Dar, namba kwenye karata ni uzito wa mkungu, unataka mzigo mkubwa lakini njiani kuna mzani. Hadithi kama hiyo haiongezi sheria hata moja ila inafanya sheria ishike kichwani, ukimwambia mtu "ukizidi 25 umekamatwa mzani" hakuulizi mara ya pili.

Hatua ya 4: cheza peke yako mpaka uuvunje

Kaa mezani, cheza pande zote mbili, ukihama kiti kabisa kama unaweza, jirani wakikuona wacha wakuone. Lengo sio kufurahi, lengo ni kutafuta ujinga, yaani njia moja ambayo mtu akiifuata kila zamu hana haja ya kufikiri. Ukiipata, mchezo umekufa hapo, rekebisha.

Mi nilivunja wangu mara nyingi, nakupa zile zenye mafunzo.

Toleo la kwanza halikuwa na mzani, mwenye nyingi anashinda basi. Ikawa mgawaji anapanga mafungu yanayolingana kila mara, na mchaguzi anaangalia lipi linaonekana zito anabeba. Hamna aliyeumia. Ukiona kubwa siku zote ni zuri, tafuta kitu cha kulifanya kubwa liwe baya wakati mwingine, na hapo ndo mzani ulipozaliwa.

Alafu kufunika. Mwanzo hamna karata iliyofunikwa, ikawa hesabu ya darasa la tatu. Nikafunika mbili, moja kila fungu, ikawa kurusha shilingi, mtu anachagua huku anacheka kwa sababu hajui chochote. Moja ndo ikakaa. Sijui kama kwenye mchezo wako itakuwa moja, ila utaratibu wa kutafuta ni huo, nenda mwisho wa huku, nenda mwisho wa kule, alafu rudi katikati.

Sifuri mwanzo zilikuwa "ndizi zilizooza", kila moja inakupunguzia tatu kwenye jumla yako. Watu wakawa wanakosea kujumlisha katikati ya mchezo, na mtu akishaanza kuhesabu kwa vidole hakusomi tena usoni. Nikazifanya sifuri. Ajabu ni kwamba zikawa na thamani kuliko mwanzo, kwa sababu ukiwa na 24 sifuri ni baraka. Galasa, yaani karata ya bure, likageuka dume.

Na rangi. Nilitaka kopa, uru na shupaza ziwe aina za ndizi na ziwe na kazi, mwenye mshare nyingi apate ziada, mwenye kisukari nyingi hivi na hivi. Niliipenda hiyo sheria kweli, nilishaichorea mpaka picha. Niliitoa siku moja kujaribu tu, mchezo ukawa mwepesi na mkali zaidi, na sikuirudisha. Aina za ndizi zimebaki kwenye picha tu. Hii itakuuma na wewe, ile sheria uliyoipenda kuliko zote ndo mara nyingi inaziba hewa.

Hatua ya 5: namba

Watu wanakisia namba alafu wanaziacha, usifanye hivo, kaa na kalamu. Jumla ya karata zangu ni 45 na zote zinatumika, kwaiyo nikijua nilichonacho najua ulichonacho. Na kwa vile 45 haigawanyiki kwa mbili, sare haiwezekani, hiyo peke yake imenipunguzia sheria nzima ya "mkilingana je".

Sasa mzani uwe ngapi? Niliujaribu 30. Mwenye 23 mpaka 30 anashinda, na kufika 31 ni shida, kwaiyo mzani ulikuwa pambo tu. Nikashusha mpaka 23. Hapo sasa ukiwa na 23 unamshinda wa 22, ila ukipata 24 au zaidi umekamatwa, maana yake karibu kila mara mwepesi ndo anashinda, mchezo umegeuka kichwa chini, kila mtu anaukimbia mzigo. Kwenye 25 ndo kuna kadirisha: 23, 24 na 25 zinashinda, 20, 21 na 22 zinashindwa, na ukiwa na 19 kushuka chini unashinda kwa sababu mwenzako kazidi. Yaani una njia mbili, kuwa mzito kiasi au kuwa mwepesi sana ukamtwika mwenzako.

Ona inavyouma raundi ya mwisho. Una 17 jumla na siri yako. Mwenzako kakugawia: fungu moja 3 na 0 zipo wazi, fungu la pili 2 wazi na moja imelala. Ukichukua la kwanza una 20, yeye 25, umeliwa, na hilo unalijua kabisa. La pili? Iliyolala ikiwa 4 au 5 umeshinda, ikiwa sifuri unabaki na 19 umeshinda pia, ikiwa 1, 2 au 3 umeshindwa. Kwaiyo unaanza kukumbuka: sifuri ngapi zimeshatoka, tano ngapi, na ile siri yake ya mwanzo ni nini. Ile karata moja ya siri ndo inazuia mtu kuhesabu mpaka mwisho akajua kila kitu. Bila hiyo, mchaguzi wa mwisho mwenye kumbukumbu nzuri mara nyingi hana cha kubahatisha. Niligundua kwa kufungwa na mtoto wa form two mara tano mfululizo.

Anayeanza kugawa ndo anayechagua raundi ya mwisho, na hilo lina utamu wake kidogo, kwaiyo aliyefungwa mchezo uliopita ndo aanze kugawa. Kila mchezo una upande wenye utamu, utafute, alafu umpe aliyeshindwa.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, cheza angalau mara kumi, ndo ubadilishe kingine. Ukibadilisha viwili kwa pamoja mchezo ukinoga hujui umenogeshwa na nini.

Hatua ya 6: wape watu, ufunge mdomo

Ndugu zako watakusifia. Nenda kwa wasio na haja ya kukusifia. Mi nilienda kijiwe cha bodaboda karibu na nyumbani Majengo, na nikaenda kwa mzee mmoja jirani, bingwa wa arbastini tangu ujana wake. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba anisaidie kujaribu kitu, akacheza michezo mitatu bila neno, alafu akasema "kijana, huu mchezo unataka mtu mwongo". Nilifurahi siku nzima.

Wakicheza usielekeze. Wakikosea, waache wakosee, andika kwamba wamekosea wapi. Vitu vya kuangalia: wakiulizana "zamu ya nani?" kuna kitu hakieleweki, mtu akishika simu wakati mwenzake anafikiri basi zamu ni ndefu mno, na aliyefungwa akianza kuchanganya karata mwenyewe bila kuambiwa, hapo umepata. Wakikupa ushauri sikiliza malalamiko, acha dawa. Mtu akisema "ongeza karata ya polisi wa barabarani", anachokwambia ni kwamba raundi ya pili ilimboa, sio kwamba anataka polisi.

Kitu kimoja cha huku kwetu: karata kwa wazee wengi maana yake kamari. Usiende nazo kwenye nyumba ya mtu bila kueleza, na mi hela mezani siweki kabisa. Ukiingiza hela umetoka kwenye mambo yetu umeingia kwenye mambo ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Hatua ya 7: karata zenyewe

Sasa ndo uchore, sio kabla.

Namba iwe kona ya juu kushoto na irudie kona ya chini kulia ikiwa kichwa chini, kwa sababu mtu akizishika kama kipepeo inaonekana kona tu. Usitegemee rangi peke yake, usiku kwa tochi ya simu nyekundu na kahawia ni ndugu. Mi nimechora mkungu wenye chane sawa na namba, tano chane tano, sifuri ni mgomba mtupu. Hata asiyesoma anacheza.

Karatasi chukua nene, gramu 250 mpaka 300, ila uliza kwanza kama mashine yao inaimeza. Pendelea mashine ya leza, wino wa maji ukikutana na jasho au chai umekwisha. Mgongo ndo muhimu kuliko uso: uwe mweusi au uwe na michoro iliyojaa, usiweke fremu pembeni maana ikiprintiwa ikisogea kidogo tu kila karata inajulikana. Alafu inua karata moja kwenye taa, ukiona namba kwa nyuma rudi ukaprinti upya.

Steshenari moja mjini walinikatia zangu, zile tano zikawa nyembamba kidogo kuliko zingine, milimita mbili hivi. Sikuona. Walioona ni wale vijana wa bodaboda, walikuwa wanazijua kwa kupapasa na wakanifunga jioni nzima huku wanachekana. Tangu hapo nakata mwenyewe kwa rula ya chuma na wembe, alafu nazifunga zote 18 kwa nguvu, napitisha msasa pembeni pande zote nne, na kona nazisugua kwa pamoja. Zinakuwa sawa kabisa.

Njia ya bei rahisi zaidi, na kwa majaribio ndo bora: nunua stika nyeupe, zibandike usoni mwa karata za dukani za pakiti moja, andika kwa kalamu ya wino mzito. Migongo inafanana tayari, zinateleza vizuri, na kosa ukilifanya unabandika stika juu yake.

Kuhusu kuibiwa wazo, usijifungie ndani kwa hofu hiyo. Hakimiliki inalinda maandishi yako na michoro yako, ile namna ya kucheza yenyewe ni wazo na wazo halilindwi hivo. COSOTA ndo wa mambo ya hakimiliki, jina la biashara na alama ni BRELA. Nenda ukishakuwa na kitu watu wanakiomba.

Hatua ya 8: waachie uondoke

Jaribio la mwisho ni hili: andika sheria nusu ukurasa, zifunge na karata kwa raba bendi, wape watu wawili ambao hawajawahi kuucheza, uondoke kabisa. Usikae pembeni, utashindwa kujizuia, nakujua.

Niliwaachia dada wawili wa saluni jumamosi asubuhi nikarudi jioni. Walikuwa wamecheza sana tu, wanabishana kwa raha, ila nilipoangalia vizuri, fungu moja lote lilikuwa limefunikwa na lingine lote lipo wazi, na walikuwa wananiapia kwamba ndivyo nilivyoandika. Nikasoma karatasi yangu. Ilisema "mgawaji afunike moja". Moja nini? Walikuwa sahihi wao. Sasa hivi inasema: "Mgawaji afunike karata moja. Zingine tatu zionekane."